Mtoto Anaharisha, Flagyl ya Nini?

Hotuba kwa watoa dawa wa maduka ya dawa muhimu, mkoani Manyara

Ndugu mwenyekiti, ndugu mganga mkuu wa wilaya, ndugu mfamasia, watoa dawa, mabibi na mabwana: naomba niseme itifaki imezingatiwa, maana dakika nilizopewa ni chache na mada yenyewe inanuka kidogo.

Mimi ni mtu wa maabara. Asubuhi napokea vikopo vya choo, naotesha kilichomo, kesho yake nasoma kimeota nini. Kazi yenu inaanza kabla ya yangu. Mama akiona mtoto ameendesha mara ya nne tangu alfajiri, hamkimbizi kwangu. Anapita kwenu kwanza. Anasema, "Naomba dawa ya tumbo la mtoto." Hapo kaunta ndipo ugonjwa unapopata jina lake la kwanza, na mara nyingi jina hilo ni amiba, na dawa yake ni Flagyl. Nimeombwa nizungumzie bakteria wanaoharisha watoto wadogo, na nitawazungumzia. Lakini niseme mapema ninacholenga: mtu akitoka hapa leo, mkono wake usiende kwenye kabati la Flagyl kabla haujaenda kwenye ORS, ile pakiti ya chumvi na sukari ya kurudisha maji mwilini, na zinki.

Tuanze na bakteria wenyewe. Utumbo wa mtoto mwenye afya umejaa bakteria, na mmoja wa wakazi wa kudumu ni E. koli. Aliyemweleza kwa mara ya kwanza, mwaka 1885, ni daktari wa watoto Theodor Escherich, na alimkuta kwenye choo cha watoto wachanga. Kwa hiyo mzazi akikuletea karatasi imeandikwa "E. koli ameonekana", hajakuletea kitu. Yumo kwenye choo changu na chako pia. Wenye madhara ni baadhi ya aina zake, hasa ile inayotoa sumu ya kuharisha maji. Tabu ni kwamba kwenye sahani ya kuoteshea aina hiyo inatoa vidoa vya rangi ya waridi sawasawa na E. koli asiye na kosa. Kumtofautisha kunataka kipimo cha vinasaba, na kipimo hicho hakipo katika zahanati wala kituo cha afya.

Kampilobakta naye ana masharti yake. Anataka joto la nyuzi 42, hewa yenye oksijeni kidogo, na siku mbili za kusubiri. Maabara nyingi hazina vifaa hivyo, kwa hiyo hazimwoni, na asiyeonekana haandikwi kwenye taarifa. Msije mkadhani hayupo.

Shigela ndiye ninayemwogopa zaidi kwa mtoto aliyeanza kutambaa na kuokota. Amebeba jina la Kiyoshi Shiga, Mjapani aliyemgundua mwaka 1897 wakati wa mlipuko wa kuhara damu nchini kwao. Tuna sahani moja nyekundu, inaitwa XLD. Juu yake E. koli anaota njano na kuigeuza sahani yote njano. Salmonela anaota mwekundu mwenye kitovu cheusi, huwezi kumkosea. Shigela anaota mwekundu mtupu, mdogo, laini, hana makuu. Lakini huyu mpole wa sura, akimezwa bakteria 10 hadi 100 tu, anatosha kumfanya mtu augue. Mia moja ni wachache mno; wanakaa chini ya ukucha mmoja na nafasi inabaki. Ndiyo maana Shigela hahitaji mto wala kisima. Anapita mkononi kwa mama aliyemtawaza mkubwa kisha akamlisha mdogo, au kwa miguu ya nzi aliyetoka chooni akatua kwenye kijiko.

Kipindupindu ni habari nyingine. Kwa mtu ambaye asidi ya tumbo lake iko kawaida, vimelea vyake vinahitajika kwa mamilioni, na ndiyo maana husafiri kwa maji na chakula. E. koli wa sumu naye anahitaji wingi, na wingi huo anaupata kwenye chakula kilichokaa. Chukueni uji wa mtoto uliopikwa saa moja asubuhi, ukaachwa kwenye sufuria hadi saa nane mchana. Ulipochemka ulikuwa salama. Ukapoa, ukawa vuguvugu, akaingia bakteria mmoja kutoka kwenye kikombe au upawa. Akipata hali inayomfaa, E. koli hujigawa kila baada ya dakika 20 hivi. Saa saba ni mara 21, na mmoja sasa ni zaidi ya milioni mbili. Jikoni hali si nzuri hivyo kama kwenye kabati langu la joto, lakini hata akienda kwa nusu ya kasi hiyo anafika elfu moja kabla ya mlo wa mchana. Na kutoka kwenye kikombe hakuingia mmoja tu. Mama anayemwekea mtoto uji kwenye chupa ya chai ukiwa wa moto, au anayeupasha mpaka uchemke kweli, amefanya kazi kubwa kuliko vidonge vingi mnavyouza.

Watoto wanaonyonya maziwa ya mama peke yake kwa miezi sita ya mwanzo wanaepuka sehemu kubwa ya haya, kwa sababu bakteria hawajapewa njia. Ukiangalia umri wa watoto wanaoletwa, wengi wako kati ya miezi sita na miaka miwili: umri wa uji, wa kutambaa, na wa kuweka kila kitu mdomoni.

Sasa, ni bakteria gani hasa wanaoleta maradhi makali? Utafiti mkubwa kuliko yote wa jambo hili unaitwa GEMS. Ulifanyika katika nchi saba, Kenya kule Nyanza na Msumbiji kule Manhiça zikiwemo, ukahusisha watoto zaidi ya 22,000, wanaoharisha na wasioharisha. Matokeo ya kwanza, mwaka 2013, yalitaja vinara wanne: virusi vya rota, kimelea kiitwacho kriptosporidiamu, Shigela, na E. koli wa sumu. Mwaka 2016 sampuli zilipimwa upya kwa vinasaba, Shigela akapanda akawa wa kwanza. Wengi wa watoto hao wa Shigela hawakuwa na damu kwenye choo, kwa hiyo tusitegemee macho peke yake.

Amiba hakuwa kwenye orodha ya vinara.

Kuna jambo jingine kwenye GEMS linalonigusa kuliko majina ya bakteria. Mtoto aliyeharisha kwa ukali alikuwa na hatari ya kufa mara nane na nusu ya mwenzake katika miezi miwili iliyofuata. Zaidi ya nusu ya vifo vilitokea baada ya wiki moja kupita, na zaidi ya nusu vilitokea nje ya kituo cha afya. Mtoto alipelekwa, akapewa huduma, akarudi nyumbani, halafu akafa. Anayekuwa karibu naye siku hizo za katikati ni wewe mwenye duka na mhudumu wa afya wa mtaani.

Na hapa kwetu tuna Haydom, wilayani Mbulu. Watoto wa pale walifuatwa tangu kuzaliwa katika utafiti wa nchi nane uitwao MAL-ED, choo kikichukuliwa kila mwezi hata kama mtoto haumwi. Katika utafiti huo wote, watoto wapatao 85 katika kila 100 walikuwa wamekwisha kupata Kampilobakta kabla ya kutimiza mwaka mmoja. Wengi hawakuharisha. Walikuwa naye tu, wakicheza. Lakini waliokuwa naye mara kwa mara walikuwa wafupi zaidi walipofika miaka miwili. Kampilobakta anakaa kwenye matumbo ya kuku bila kuwadhuru. Nyumba ambayo kuku wanalala ndani na mtoto anatambaa hapo hapo sakafuni, mnaijua. Baadhi yenu mmekulia humo, na mimi pia. Sisemi watu wauze kuku. Nasema banda, hata la matete, ni dawa ya tumbo la mtoto.

Nirudi kwenye Flagyl, maana nimeahidi. Metronidazo, ndiyo hiyo Flagyl, inaingia mwilini ikiwa imelala. Huamshwa ndani ya viumbe wanaoishi bila oksijeni, kama amiba, jiadia na baadhi ya bakteria. Shigela haiamshi, wala Salmonela, wala E. koli, wala kimelea cha kipindupindu. Inapita karibu yao ikiwa imelala na kutokea upande wa pili, na mtoto amebaki na ladha ya chuma mdomoni na kichefuchefu kinachomfanya akatae hata maji.

Mtaniuliza, mbona wanapona? Wanapona kwa sababu kuharisha kwa ghafla kwa watoto wengi hukoma kwenyewe ndani ya wiki moja. Ukimpa Flagyl siku ya tatu akapona siku ya tano, sifa inaenda kwa Flagyl. Ungempa maji ya ubuyu angepona siku hiyo hiyo.

Na hiyo amiba inayosomwa kwenye karatasi? Hapa nasema dhidi ya watu wa fani yangu, na wanisamehe. Chini ya hadubini, seli za usaha zinafanana na amiba kwa mtu mwenye haraka. Halafu kuna amiba asiye na madhara anayefanana na yule mbaya kwa kila kitu, hadubini haiwatofautishi kwa sura. Anayestahili kuitwa amiba bila ubishi ni yule anayetembea kwenye choo kibichi akiwa amemeza chembe nyekundu za damu, na kwa watoto wadogo huyo ni nadra. Shirika la Afya Duniani limesema kwa miaka mingi kwamba mtoto anayehara damu atibiwe kwanza kama mwenye Shigela.

Sasa maji. Sumu ya kipindupindu na ile ya E. koli hazichubui utumbo. Zinailazimisha ngozi ya ndani ya utumbo itoe chumvi, na maji yanaifuata chumvi nje. Mtoto wa kilo nane akipoteza lita moja hajapoteza kitu kidogo. Kwa mtu mzima wa kilo sitini na nne ni sawa na lita nane. Lakini utumbo una mlango mmoja ambao sumu hizi haziufungi: sukari na chumvi zikibisha hodi pamoja zinafunguliwa, na maji yanaingia nyuma yao. Sukari peke yake haitoshi, chumvi peke yake haitoshi. Siri ya ORS ni hiyo tu.

Mwaka 1971, wakati wa vita vya ukombozi wa Bangladesh, wakimbizi walijazana mpakani upande wa India na kipindupindu kikawafuata. Huko Bangaon, daktari Dilip Mahalanabis aliishiwa dripu. Akachanganya chumvi na sukari kwenye maji safi, akawapa ndugu wa wagonjwa wawanyweshe wenyewe kwa vikombe. Vifo vilivyokuwa kama 30 katika kila wagonjwa 100 vikashuka chini ya 4. Wanyweshaji hawakuwa wauguzi. Walikuwa mama, baba, shangazi. Na hakuna aliyengoja jibu la maabara, nasema hivyo mimi mwenyewe wa maabara.

Kwenye kuchanganya ndipo mambo mengi yanapoharibikia, na hapa naomba mnisikilize kwa makini. Pakiti nyingi za ORS ni za lita moja, lakini zipo za nusu lita. Geuza pakiti usome kabla hujamkabidhi mtu. Mama anaambiwa "changanya na maji", anafika nyumbani anamimina nusu pakiti kwenye glasi. Hapo imekuwa kali, inavuta maji kutoka mwilini badala ya kuyaingiza, na mtoto anazidi. Mwonyeshe kipimo. Chupa mbili za maji za nusu lita, zipo kila nyumba, zinamwagwa kwenye jagi, pakiti yote inaingia, inakorogwa. Ikikaa zaidi ya saa 24 imwagwe. Aliye chini ya miaka miwili anapewa mililita 50 hadi 100 kila baada ya kuharisha, aliyezidi miaka miwili 100 hadi 200, kwa kikombe au kijiko. Akitapika, subiri dakika kumi, uanze tena taratibu. Kunyonya hakukomi, kula hakukomi. Pakiti zikikosekana kabisa, lita moja ya maji safi, vijiko vidogo sita vya sukari, nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vya kusawazisha si vya kurundika. Soda na juisi za dukani haziwezi kazi hii, zina sukari nyingi mno.

Pamoja na ORS ni zinki: miligramu 20 kwa siku kwa siku 10 hadi 14, na nusu yake kwa mtoto aliye chini ya miezi sita. Wazazi wanaacha siku ya tatu kwa sababu kuharisha kumekoma. Waambieni zile siku zilizobaki zinamkinga asirudie. Najua faida ya pakiti ya ORS na vidonge kumi vya zinki ni ndogo ukilinganisha na chupa ya dawa ya maji ya antibiotiki. Najua mnalipa kodi ya pango. Sitajifanya silijui hilo, na ningependa wenye mamlaka waliopo hapa nao wasijifanye.

Je, antibiotiki hazina kazi kabisa? Zina kazi, kwa wachache. Mtoto mwenye damu kwenye choo anahitaji antibiotiki inayomfikia Shigela, na dawa hiyo ichaguliwe na mganga, kwa sababu kotrimoksazo mliyozoea kuitoa imekwisha kuzoelewa na Shigela mahali pengi. Mwenye kipindupindu kikali naye. Mwenye utapiamlo mkali na mchanga wa chini ya miezi miwili wasihudumiwe dukani hata kidogo. Wengine wote, yaani wale wa kuharisha maji, tumekwisha kuwajaribu. Matokeo yaliyotoka mwaka 2021 yalihusu watoto zaidi ya 8,000 wa nchi saba, Tanzania na Kenya zikiwemo, waliokuwa wanaharisha maji huku wamepungukiwa maji au wana utapiamlo. Nusu walipewa azithromaisini kwa siku tatu, nusu wakapewa dawa bandia. Vifo havikutofautiana kwa maana. Na Haydom hapo hapo, katika utafiti wa watoto zaidi ya 1,000, karibu nusu walipewa azithromaisini kila baada ya miezi mitatu, tuone kama kuwaua bakteria kutawafanya warefuke kuliko wenzao. Hawakurefuka. Dawa za kuzuia tumbo kabisa, loperamide na wenzake, kwa mtoto mdogo ni marufuku.

Kuna na yale mengine, mnayoyasikia kaunta kila siku. Mtoto anaota meno. Mtoto amebemendwa. Mtoto ana meno ya plastiki. Hili la meno lina madhara ya moja kwa moja, kwa sababu kuna watu wanaochokonoa fizi za mtoto anayeharisha kwa kitu chenye ncha kumtoa hayo "meno", kumbe ni chipukizi za meno yake halali. Mtoto aliyepungukiwa maji anaongezewa kidonda na kutoka damu. Na kubemenda, mama anayeambiwa hivyo anaona aibu, anamficha mtoto ndani mpaka macho yamezama. Msibishane naye dukani mbele za watu. Mpe ORS, mwonyeshe chupa mbili za nusu lita, umwambie arudi kesho. Ugomvi wa kubemenda unaweza kungoja mtoto akojoe kwanza.

Wa kumpeleka kituoni bila kuuza kitu zaidi ya ORS ya njiani mnawajua: macho yamezama, amelegea au haamki vizuri, hawezi kunywa au anatapika kila kitu, ukifinya ngozi ya tumbo inarudi polepole, kuna damu kwenye choo, au kuharisha kumefika siku 14.

Na sasa ombi langu kwenu kama mtu wa maabara. Mtoto mwenye damu kwenye choo akipita dukani kwako, usimpe antibiotiki ya kuanzia ndipo umwandikie rufaa. Dozi moja inatosha kumficha bakteria kwenye sahani, na mganga anabaki anabahatisha dawa. Kama ametoa choo hapo hapo, kichukuliwe kikiwa kibichi, hasa ile sehemu yenye damu na makamasi, kwenye kikopo safi kisichooshwa kwa dawa ya kuulia wadudu. Kinatakiwa kifike maabara ndani ya saa mbili, kwa sababu Shigela nje ya mwili anakufa haraka, na nisipomwona nitaandika "hakuna kilichoota" wakati alikuwepo. Vikopo nimekuja navyo, viko kwenye boksi pale mlangoni karibu na daftari la mahudhurio. Wa Hanang na Simanjiro, ambao saa mbili hamtafika, mnione sasa hivi kabla ya chai. Nina chupa zenye chakula cha kusafirishia sampuli, ila ni chache na zinahitaji ubaridi.